Kiti cha Benicio

Mimi sina ugomvi na mbwa. Nimefuga mbwa tangu nikiwa msichana hapa Villa Dolores, na wote walisafiri nyuma ya pikapu ya marehemu mume wangu, ulimi nje, masikio yakipepea, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulalamika. Sawa, mmoja alidondoka njiani, tukamkuta kesho yake amekaa palepale, amenuna. Lakini Benicio si mbwa. Benicio ni mjukuu, au ndivyo nilivyoambiwa niseme. Binti yangu Analía na mumewe Lisandro hawakujaliwa mtoto, basi wakanunua kijibwa chenye uso uliobonyea kana kwamba kiligonga ukuta, wakakipa jina la binadamu, na kila mwaka wanakiimbia na kukikatia keki. Mimi nimenyamaza. Nina miaka sabini na minne, nimejifunza kunyamaza, ingawa Analía anasema bado.

Januari hii dada yangu Hortensia, anayeishi San Juan, alikuwa anatimiza miaka themanini. Lisandro akapiga simu akasema watanipitia kutoka Córdoba, twende wote kwa gari lao jipya. Nilifurahi jamani, kwa nini nifiche. Nikaamka alfajiri nikaoka empanada za nyama, zile sambusa zetu za kuoka, nikajaza themosi maji ya moto kwa ajili ya mate, kile kinywaji chetu cha majani kinachonywewa kwa mrija, maana ni mtu gani mwenye akili zake atavuka jangwa lile bila mate mkononi? Nikajaza pia chupa moja ya maji safi ya kisima kwa ajili ya Marehemu Correa.

Huyu Marehemu ndiye yule mama aliyekufa kwa kiu jangwani akimfuata mumewe aliyepelekwa vitani. Walimkuta ameshakata roho lakini kichanga chake ki hai, kinanyonya. Kanisa linamtazama kwa jicho la pembeni, sisi tunamtazama kwa macho mawili. Vibanda vyake viko kando ya barabara, na anayepita humwachia maji ya kunywa, maana hayo ndiyo aliyoyakosa. Nilikuwa nimemwomba macho yangu, daktari aliponitoa mtoto wa jicho, na macho yakarudi. Kwa hiyo maji yangu ilikuwa lazima nimpelekee mwenyewe, kwa mkono huu.

Gari likafika. Lisandro akashuka kwanza. Mkwe wangu ni mkaguzi wa lifti, kazi yake ni kutazama vitu vizima na kuwaza jinsi vitakavyoua watu. Si mtu mbaya. Alinibusu shavuni, akaitazama chupa yangu, akaitazama themosi, akalitazama sinia la empanada, na uso ukambadilika.

"Doña Zulema, hivi vyote vinaenda kwenye buti."

"Mate kwenye buti? Nani atakunywa kule?"

"Hatunywi mate garini. Tukifunga breki ghafla, maji ya moto yanamwagikia Benicio."

"Na empanada?"

"Benicio hatakiwi kula kwa muda wa saa nne kabla ya safari. Akituona tunakula atapata msongo wa mawazo."

Nikamgeukia Analía, damu yangu mwenyewe, niliyemlea kwa empanada hizohizo. Akaangalia chini, akasema kwa sauti ndogo kwamba wamesoma sana kuhusu jambo hili, Mama, na kwamba watu wengi hawajui.

"Hata chupa ya Marehemu?"

"Hasa chupa," Lisandro akasema. "Kitu chochote kisichofungwa, gari likigonga, kinaruka kama risasi. Chupa ya lita moja na nusu kwa mwendo wa kilomita mia kwa saa, unajua ina uzito gani?"

"Kilo moja na nusu," nikamjibu.

Hakucheka. Wenye elimu ya usalama hawacheki.

Ndipo akanifungulia mlango wa nyuma, nikaona kiti. Nasema kiti kwa kukosa neno. Kilikuwa kiti cha enzi, sakafu yake ngumu, kuta zake sponji, mikanda minne, feni mbili, kipimajoto, na cheti kilichobandikwa ubavuni kusema kwamba kimegongeshwa ukutani mara kumi na mbili huko Ujerumani.

"Walikigongesha na mbwa ndani?"

"Mbwa wa plastiki, Mama," Analía akasema.

"Afadhali. Na mimi nakaa wapi?"

Wakanionyesha. Kati ya kiti cha enzi na mlango kulikuwa na nafasi, siwezi kusema haikuwepo. Nikajipenyeza kwa ubavu, nyonga moja juu ya sponji ya Kijerumani na nyingine huko chini, magoti yamenigusa kidevu. Lisandro akaingia upande wa pili akamkagua Benicio mkanda mmoja mmoja, akampima joto la sikio, akaziba kioo chake na pazia ili jua lisimchome. Jua likaja upande wangu. Benicio alinitazama kwa macho yale yaliyotokeza, akapiga chafya usoni kwangu, na safari ikaanza.

Saa ya kwanza nilivumilia. Saa ya pili, tulipokwisha kupita mji wa Chepes, kibofu kikaanza kunikumbusha umri wangu.

"Lisandro, mwanangu, ukiona kichaka kizuri usimame."

Akatazama saa. "Umebakiza dakika ishirini na tano, doña Zulema."

"Nimebakiza kwa nani?"

"Benicio anasimama kila baada ya saa mbili. Tukivuruga ratiba, mwili wake unachanganyikiwa."

"Na mwili wangu je?"

"Mama, jamani," Analía akasema bila kugeuka, "dakika ishirini na tano tu."

Niwaambie ukweli, nilihesabu kila nguzo ya umeme kwa chuki. Nilimchukia yule mbwa, nikawachukia Wajerumani na ukuta wao. Lakini nilipoiona kwa mbali ile nyumba ndogo nyeupe ya Marehemu, ikizungukwa na chupa zinazong'aa kama mtu amemwaga vioo, nikapiga kelele kwamba hapa, hapa ndipo pangu, na bahati nzuri dakika zilikuwa zimetimia. Lisandro akapaki.

Hapo mahali hapana mti. Kuna barabara iliyonyooka mpaka macho yachoke, vichaka vya miiba, na kile kibanda chenye paa la bati. Madereva wa malori hawamletei maji peke yake, wanamletea na vyuma: matairi, bampa, namba za magari, springi, hata usukani mzima. Saa nane mchana, nyuzi joto arobaini na tatu. Nilikwenda nyuma ya kichaka changu nikarudi nimekuwa mtu mwingine. Benicio naye alishushwa, akavishwa viatu vinne vya mpira asiungue nyayo, akakojoa kidogo kwa adabu, akarudishwa kwenye kiti na kufungwa. Kiyoyozi kiliachwa kinawaka na injini inanguruma, kwa sababu mbwa haachwi kwenye gari la moto, na hilo hata mimi nalijua. Analía akaenda kupiga picha. Lisandro akafungua buti kunitolea chupa yangu, kazi iliyomtaka ashushe kwanza begi la huduma ya kwanza, hema la kivuli, ndoo na chakula cha siku sita.

Nikabaki mimi na mbwa. Nilikuwa nimeingia kuchukua kitambaa changu cha kichwa. Akanitazama. Mkanda ulikuwa umemkaa chini ya koo, na kwa ile pua yake iliyobonyea alikuwa anakoroma huku yu macho, kila pumzi kama mtu anayesogeza kabati. Sijui nini kilinipata. Labda kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa nimetoka kufunguliwa, kwa maana ile nyingine. Nikamwonea huruma. Nikasema, "Pumua kidogo na wewe, maskini," nikafungua kifungo kimoja. Kimoja tu. Ile mikanda mingine mitatu, kumbe, yote ilikuwa imeshikana na kile kimoja.

Nikatoka, nikafunga mlango. Lisandro akanipa chupa, akarudisha vitu vyake vyote, akafunga buti, tukaenda kibandani. Nikaiweka kwa mkono wangu, ndani kabisa, kivulini. Nikafumba macho yangu mapya nikaanza kumshukuru. Nilikuwa sijafika mbali niliposikia Analía anacheka.

"Tazameni! Benicio anaendesha!"

Alikuwa amesimama kwenye kiti cha dereva, mikono miwili juu ya mlango, anatutafuta. Ulimi nje, kama dereva teksi aliyechelewa kulipwa. Tukacheka sote, mimi nikicheka kidogo kuliko wenzangu. Kisha kwato zile za mpira zikateleza kwenye vitufe vya mlango, na milango yote minne ikalia kwa pamoja: klak.

Lisandro hakukimbia. Alitembea haraka, kama anavyotembea mtu asiyetaka kukiri kwamba anakimbia. Akavuta mlango wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, kisha buti.

"Ufunguo uko wapi?" nikamuuliza.

"Kwenye swichi."

"Na wa akiba?"

"Kwenye begi la dharura."

Sikuuliza begi la dharura liko wapi. Nilikuwa nimelikalia nusu safari, liko mlemle ndani.

"Tusitishike," akasema. "Injini inawaka. Kiyoyozi kinafanya kazi. Tuna muda wa kufikiri." Na gari, kana kwamba lilikuwa linamsikiliza, likatoa mlio mmoja, likawasha taa nyekundu kwenye dashibodi, likazima. Lilikuwa limechemsha. Gari letu la zamani likichemsha lilikuwa linaendelea kwenda huku linatoa moshi mpaka ufike kwenu. Haya ya siku hizi hujizima yenyewe, kwa usalama wao.

Nikasikia mikoromo ya Benicio kupitia kioo.

Hapo kicheko kiliisha, na nataka mnielewe. Mbwa wa pua ndefu kwenye joto lile ana dakika chache. Mwenye pua kama ile hana hata hizo. Lisandro alilijua hilo kuliko sisi wote, kwa sababu alikuwa amelisoma, na alianza kulisoma tena, kwa sauti, kwenye simu ambayo haikuwa na mtandao lakini ilikuwa imehifadhi mwongozo mzima wa usalama wa mbwa.

"Mbwa akifungiwa kwenye gari, piga simu ya dharura..."

"Piga kwa nani? Kwa mbuzi?" nikamwambia. "Vunja kioo!"

"Vunja kioo!" Analía naye akapiga kelele.

"Kipi?"

"Chochote!"

"Si chochote, mpenzi. Kilicho mbali zaidi na mnyama. Vipande vikimwingia machoni atapofuka."

Basi akazunguka kwenda upande wa pili, kwenye kioo cha mbali. Na Benicio, kwa kuwa alimwona baba yake anakwenda upande wa pili, akaruka viti akamfuata, akabandika uso kwenye kioo hichohicho. Lisandro akarudi upande huu. Benicio akarudi upande huu. Akaenda nyuma, mbwa akaenda nyuma. Walizunguka hivyo mara tatu, mmoja nje, mmoja ndani, wanatazamana kwa mapenzi makubwa, na popote alipofika Lisandro, pale palikuwa pa karibu zaidi.

"Kaa!" akamwamuru. "Benicio, kaa hapo!"

Mbwa huyu amesomeshwa, ana cheti. Akakaa. Palepale kwenye kioo.

"Lisandro, wewe nenda mbele ya gari usimame hapo, asikuone unazunguka," nikamwambia. "Analía, mwite huku. Mimi nitavunja kile cha upande wa pili."

"Kwa kitu gani?" Lisandro akauliza. "Nyundo ya kuvunjia vioo iko chini ya kiti changu."

Nilimtukana. Siyo tusi la kuandika. Nikakimbilia kibandani, kama magoti yangu yanavyojua kukimbia, nikakamata kipande cha springi ya lori kilichokuwa kimeegemezwa ukutani na utepe mwekundu. Chuma kilikuwa cha moto, nikakizungushia kitambaa changu. "Nisamehe, mama," nikamwambia Marehemu, "nakiazima tu." Nilikuwa sijawahi kugusa kitu cha mtu pale, wala sijawahi kumwona mtu akigusa. Watu wamepinduka na magari kwa kuchukua kisicho chao. Lakini nilikuwa nimemfungua mimi. Hilo lilikuwa linanipiga kichwani kila hatua: ni mimi, ni mimi, ni mimi.

Nikarudi. Analía alikuwa anagonga kioo cha kulia, anaita, "Benicio, mwanangu, njoo kwa mama, njoo." Na Benicio haji. Nikachungulia. Alikuwa amelala kwenye kiti cha dereva, ubavu unapanda na kushuka upesi upesi, povu mdomoni, ulimi umebadilika rangi. Lisandro alisogea mbele yake, akasogea tena. Mbwa hakumfuata hata kwa macho.

Sijawahi kuona uso wa mwanamume ukivunjika namna ile. Simu ikamtoka mkononi.

Mimi nikapiga kioo. Springi ikanirudisha nyuma. Nikapiga tena, katikati kabisa, kwa nguvu zangu zote za kukanda unga miaka sitini, na kioo hakikupata hata mkwaruzo. Analía alikuwa analia kwa sauti.

"Si katikati," Lisandro akasema. Sauti ilikuwa ya mtu anayezungumza usingizini. "Pembeni. Pembeni chini." Akaninyang'anya chuma, akapiga kona ya kioo mara moja, na kioo chote kikaanguka kama mchele. Akaingiza mkono, akafungua, akamtoa yule mbwa akamkumbatia kifuani, vipande vimemkata mkono wala hakuona.

"Maji! Si ya baridi sana! Tumboni na kwenye nyayo, asinyweshwe!" Haya aliyajua, na aliyajua vizuri, namsifu kwa hilo. Nikarudi kibandani mara ya pili. Chupa za nje zilikuwa zinachemka juani. Nikapiga magoti nikaingiza mikono ndani kabisa, kivulini, nikatoa yangu, nikatoa na za wengine, sijui za nani, za mama gani aliyeombea nini. Tukammwagia. Tukamvua vile viatu vya kipuuzi. Analía akampepea kwa kofia, mimi nikampepea kwa sketi yangu, na kama kuna dereva alipita akaona, basi ameona mapaja ya mwanamke wa miaka sabini na minne na Mungu amsaidie.

Benicio hakusogea. Lisandro alikuwa amepiga magoti kwenye mchanga, amemwinamia, na huyu ndiye mtu aliyeniambia siku ya harusi yake kwamba dini ni hofu iliyokosa takwimu. Nikamsikia.

"Marehemu Correa. Mama. Sijui wanakuombaje. Chochote cha kwangu kilichomo kwenye gari hili, chukua. Chochote. Niachie huyu."

Analía alisikia. Mimi nilisikia. Yule mama kwenye kibanda, sina shaka, alisikia pia.

Sikumbuki muda. Nakumbuka mbwa alikohoa, akatapika kidogo kwenye viatu vyangu, akavuta pumzi ndefu yenye kelele, ile ya kusogeza kabati, nami nikaona sijapata kusikia sauti nzuri kuliko hiyo. Nikakaa chini mchangani nikalia. Nililia kwa ajili ya mbwa, mimi Zulema Brizuela.

Tulimkalisha kwenye kivuli cha kibanda mpaka akaanza kunywa mwenyewe kiganjani mwa Analía. Injini ilipopoa ikakubali kuwaka. Lisandro akajifunga bandeji kutoka lile begi la huduma ya kwanza, ambalo kumbe kweli lina kazi, akaanza kukusanya vitu haraka haraka bila kututazama.

"Umesema chochote," nikamkumbusha.

"Doña Zulema, hayo yalikuwa maneno ya mtu aliyechanganyikiwa."

"Yeye hapimi akili, anapokea maneno. Jirani yangu Etelvina alimwahidi gauni la harusi, akamletea skafu. Mwaka haukuisha mume akahama."

Akasimama, akafikiri. Akatoa mfuko wa biskuti za Benicio.

"Huyu alikufa kwa kiu, unamletea biskuti?"

Akatoa miwani yake ya jua. Nikamtazama tu. Akatazama kibanda, akamtazama mbwa mikononi mwa mkewe. Kisha akaenda mlango wa nyuma akaanza kufungua skrubu za kile kiti cha enzi. Nakiri sikulitarajia. Alikuwa amekiagiza na kukisubiri miezi mitano, alikuwa anakipangusa kwa kitambaa chake maalumu.

"Hiki ndicho nilichokithamini kuliko vyote humu," akasema. "Na hata hivyo kimenisaliti. Mikanda imefunguka yenyewe. Nikifika San Juan nawaandikia Wajerumani barua, wasiwaue mbwa wa wengine."

Ningeweza kunyamaza. Nimesema nimejifunza. Wajerumani wako mbali, wangeumia nini?

"Usiwaandikie," nikasema. "Nilimfungua mimi. Nilimwonea huruma, anakoroma. Kimoja tu."

"Mama!" Analía akasema, na sauti ilikuwa ileile aliyonilia nayo siku alipozikwa baba yake.

Mkono wa Lisandro ulisimama kwenye skrubu. Nikawaza, haya, na mimi pia nilikuwa kitu kilichomo kwenye gari, sasa ataniacha hapa na matairi, na kwa haki kabisa. Nilitaka anitukane. Angenitukana ningepumua. Lakini alirudi kwenye skrubu zake, akafungua ya mwisho, akakishika kiti kwa mikono miwili, akakinyanyua na kukitoa nje.

Hapo ndipo alipoganda tena, kiti mikononi.

Chini yake, kwenye kiti cha gari chenyewe, kulikuwa na mkanda. Mkanda mweusi wa kawaida wa abiria, umekunjika na kubanwa bapa pamoja na kifungio chake, na vumbi la kiwandani bado liko juu yake. Ulikuwa wa upande wangu. Mkaguzi wa lifti aliutazama ule mkanda, akatazama ile nafasi yangu pembeni ya mlango, akanitazama mimi. Nikaona anapiga hesabu, kilomita mia kwa saa, uzito wa mwanamke wa kilo sitini na nane.

"Doña Zulema," akasema polepole. "Tangu Villa Dolores ulikuwa umefunga nini?"

"Nilikuwa nimeshika mlango."

Analía alikuja na mbwa wake kifuani akachungulia. Aliona.

"Mama, kwa nini hukusema?"

"Nilisema, mwanangu. Tulipotoka tu, kabla ya daraja. Nikasema sioni pa kuchomeka mkanda." Sikutaka kumuumiza, lakini aliniuliza. "Ukaniambia nishushe sauti, Benicio amelala."

Lisandro alikibeba kiti mpaka kibandani, akakiweka kati ya matairi, akarudi. Akanisaidia kupanda, safari hii bila kujipenyeza. Analía akakaa nyuma pamoja nami, Benicio katikati yetu, amelowa, kamba ya kifua chake imechomekwa kwenye kifungio cha katikati. Lisandro akainama juu yangu, akaunyoosha ule mkanda, akaupangusa vumbi kwa kile kitambaa chake maalumu, akaupitisha begani kwangu na kuuchomeka. Akauvuta kuupima.

"Unabana?" akauliza.

"Kidogo."

"Niulegeze?"

"Acha hivyohivyo," nikamwambia, na tukaondoka, kioo kimoja hakipo, upepo wa moto unatupiga usoni wote wanne.